Gari Lililokataa Themanini

Fundi Kasmiri wa Manundu hasikii. Ukimpigia kelele unajichosha bure, na ukimpigia honi nyuma ya mgongo anaendelea kukaza nati zake. Wanaomjua humgusa bega, naye hugeuka, akakutazama midomo, mkaongea. Mimi sikuwa namjua. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni kwa gereji yake nikapiga hodi mara sita, nikamwona mtu jeuri, nikageuka niondoke zangu. Mwanangu Shukuru akanishika mkono.

"Mama, huyu hasikii," akasema. "Wanasema ndiyo maana anajua."

Nilifika kwake kwa sababu mafundi wengine wote nilikuwa nimewamaliza. Mimi, Justa, nafanya biashara ya tangawizi na maharage. Nachukua Bungu na Dindira, nashusha Korogwe, mzigo mwingine naupeleka hadi Handeni. Pikapu yangu ilikuwa mpya kwa maana yetu sisi, mwaka wa nne tangu itoke kiwandani, viti bado vina harufu ya dukani. Shukuru ndiye dereva. Tangu Idd ilipopita gari lile lilishikwa na ugonjwa. Hadi sabini na tisa lilikwenda vizuri kabisa. Mshale ukigusa themanini, mtetemo unaanzia chini ya kiti, unapanda kiunoni, unafika kwenye meno. Ukipunguza, kimya. Ukiongeza, unaukuta palepale ulipouacha.

Penye wengi hapaharibiki neno, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kupeleka gari kwa mafundi watano. Wa kwanza alifanya balansi ya matairi, wa pili akairudia. Wa tatu alibadilisha krosi za propela, ule mtaimbo mrefu unaozungusha magurudumu ya nyuma. Wa nne akabadilisha beringi ya katikati. Wa tano alilizunguka gari akiwa ameshika kiuno, kisha akaniuliza kama nina ugomvi na mtu. Nilimwambia kuwa sasa ninao, na yeye.

Niseme wazi kwamba nilikuwa naogopa. Awadhi, baba yake Shukuru, alifia garini kwenye barabara hiyohiyo ya Handeni, miaka kumi na mmoja iliyopita. Nilikuwa kiti cha pembeni, nikatoka na mguu huu ninaouburuta. Mtoto mwingine sina. Kila asubuhi Shukuru akiondoka, nilikuwa nasimama uani nasikiliza injini mpaka ipotee.

Sasa nikueleze kuhusu huyu Kasmiri, maana mtu huyu si wa kupitwa hivihivi. Alizaliwa kambini, kwenye mashamba ya mkonge. Babu yake alitoka Songea kuja kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Kasmiri mwenyewe alipofika miaka kumi na sita aliwekwa kwenye korona, mashine inayosaga majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Korona ilimla masikio kidogo kidogo, na alipofika miaka ishirini na miwili hakuna alichobakiwa nacho. Akajifundisha ufundi wa magari kwa viganja na nyayo. Hufanya kazi peku. Akitaka kujua injini ina nini, huuma mpini wa bisibisi ndefu, ncha akaikandamiza kwenye chuma, akafumba macho. Meno yake ya mbele yamelika kwa kazi hiyo. Na akizungumza, sauti haipandi wala haishuki, kwa kuwa hajisikii. Mara ya kwanza inakufanya utafute nani mwingine yuko chumbani.

"Twende barabarani," alituambia, na sauti yake ile ikanisisimua mikono.

Tulitoka mchana, jua kali. Kasmiri alikaa mbele, nyayo zake kwenye sakafu ya gari, kiganja kimoja juu ya dashibodi. Mshale ulipogusa themanini, gari likaanza.

"Usukani umetulia," akasema, macho kayafumba. "Kinachotetemeka ni kiti. Usukani ukitetemeka, ubaya uko mbele. Kiti kikitetemeka, tazama nyuma. Kijana, toa gia."

Shukuru akatoa gia. Injini ikatulia, gari likateleza lenyewe kwa mwendo uleule, na mtetemo haukupungua hata chembe.

"Si injini," akasema Kasmiri. Akaondoa miguu yake sakafuni, taratibu, akaikunja juu ya kiti. "Mama Shukuru, hili gari haliumwi. Linagongwa. Kuna mtu anagonga."

Nilimwambia asinitishe mimi. Hakuwa ananitazama, kwa hiyo hakujua nimesema nini.

Tuliporudi gereji aliliinua gari nyuma, akalikalisha juu ya stendi, akatoa matairi yote mawili, akamwambia Shukuru aliendeshe likiwa hewani hadi mshale ufike themanini. Likatetemeka. Kumbe balansi zote zile tulikuwa tunawatibu wasioumwa. Akatoa na ngoma za breki. Likatetemeka, mabati ya paa la gereji nayo yakaanza kulia, na kopo la misumari likatembea lenyewe juu ya meza mpaka likaanguka. Kasmiri hakulisikia. Alikuwa chini, kando ya propela inayozunguka, ameshika kipande cha chaki. Akakisogeza taratibu sana mpaka kikagusa chuma kwa mbali, kisha akaashiria gari lizimwe.

Propela iliposimama, chaki ilikuwa imechora upande mmoja tu.

Aliniita niinamie chini nione. Katikati ya propela palikuwa na uvimbe mpana kama kiganja, mweusi, umepakwa rangi ya kuzuia kutu ukafanana na chuma chenyewe. Mafundi walioingia chini ya gari walikuwa wameuona. Kila mmoja alidhani ni uzito uliowekwa kiwandani, na kila mmoja alikwenda kushika kingine. Kasmiri alipapasa uvimbe ule, na nilimwona akirudisha mkono haraka.

"Hiki hakikutoka kiwandani," akasema. "Hiki kimefungwa."

Alikata kwa msumeno. Chini ya rangi kulikuwa na ngozi, chini ya ngozi kitambaa cha kaniki, na ndani ya kaniki udongo mwekundu, nati mbili za tairi zilizoshika kutu, na ufunguo wa gari uliopinda.

Ufunguo ule niliujua kabla haujatoka wote. Ulipinda siku Awadhi alipokufa. Goti lake liliukuta pale ulipochomekwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyempa mama yake, Bibi Mwaija, siku ya arobaini, naye akaupokea bila kunitazama usoni. Tangu siku hiyo hatuongei. Na Idd hii Shukuru alikwenda kumsalimu bibi yake Handeni, gari likalala kwake siku mbili.

Kwa hiyo ilikuwa zindiko. Mama mkwe alikuwa amemkinga mjukuu wake kwa ufunguo na nati za gari la marehemu, na udongo ambao sikuhitaji kuuliza umechimbwa wapi. Akamtafuta mtu wa kulifunga, na mtu huyo akachagua kitovu cha gari. Ndugu yangu, mimi ni Mkatoliki, na mambo hayo siyapendi hata kuyasikia. Nilitukana pale. Nilisema maneno ambayo nashukuru Kasmiri hakuyaona, alikuwa amegeuka.

Yeye alikifunga kile kitu kwenye gazeti, akaniwekea mikononi. "Usitupe," akasema. "Mrudishie aliyekifunga." Kisha akarudisha ngoma na matairi, akalishusha gari.

"Lijaribuni," akatuambia.

Tukarudi barabara ya Handeni, mimi na Shukuru, lile gazeti mapajani mwangu. Themanini ikapita, sikuhisi kitu. Mwanangu akacheka kwa raha.

"Mama, umeona? Limetulia, utadhani limesimama."

Nikacheka na mimi. Nilikuwa na furaha kweli, miezi mitatu ya hofu imekwisha mchana mmoja. Nikatazama nje, nikaona nguzo za umeme zinapita upesi mno. Nikatazama mshale. Mia na ishirini. Shukuru alikuwa ametoa kiwiko dirishani, mkono mmoja kwenye usukani, kichwa kimeegemea nyuma kidogo. Mtoto yule hakufundishwa na mtu kukaa vile. Alikuwa na miaka kumi na mitatu baba yake alipokufa. Lakini aliyekaa pale alikuwa Awadhi, kiwiko chake, shingo yake, na mbele yetu ilikuwa inakuja kona ileile alipofia.

Hapo kile cha kwenye gazeti kikaanza kugonga mapajani mwangu. Mpaka leo sijui kama kilikuwa chenyewe au yalikuwa magoti yangu. Kiligonga kwa mpigo uleule wa siku zote, ule wa chini ya kiti.

"Punguza!" nikapiga kelele. "Shukuru, punguza!"

Akashtuka, akapunguza. Tulipita kona kwa sitini, na mapajani kukatulia.

"Kwani vipi, mama? Barabara nyeupe, gari zima. Si uliniambia mwenyewe baba hakuwa na kosa, tairi lilipasuka? Haya matairi ni mapya."

Ndivyo nilivyomwambia. Nilimwambia mtoto wa miaka kumi na mitatu kwamba tairi lilipasuka, na nimelirudia tairi hilo kwa miaka kumi na mmoja mpaka likawa kweli kwa kila mtu isipokuwa mimi.

"Geuza," nikamwambia. "Turudi kwa fundi."

Kasmiri alikuwa ananawa mikono kwa mafuta ya taa. Nilimgusa bega, nikampa lile gazeti, nikatamka taratibu ili anisome vizuri.

"Kirudishe ulipokikuta."

Alinitazama kwanza midomo, halafu macho.

"Kikiwepo hapiti themanini," nikasema. "Miezi mitatu hajapita themanini. Mimi ndiye mjinga niliyekuja kukitoa. Kirudishe, fundi, nakuomba."

Nilikuwa nalia, na sikuona aibu. Mwanamke aliyetukana zindiko saa mbili zilizopita anabembeleza lifungwe upya. Kasmiri alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Propela ikitetemeka miezi mitatu, inavumilia," akasema kwa sauti yake isiyopanda. "Ikitetemeka mwaka, inakatika. Ikikatika kwenye mwendo, inachimba lami na gari linapinduka. Kile kitu kingemuua mtoto yuleyule ambaye kilifungwa kumlinda."

"Basi nifanyeje?"

Alikaa kwenye tairi kuukuu, akanyoosha nyayo zake, akazitazama.

"Kwenye korona nilihisi mashine inatetemeka tofauti," akasema. "Siku tatu nilihisi, hapa, kwenye nyayo. Nilikuwa kijana, nyapara alikuwa mkali, nikasema kesho nitamwambia mtu. Siku ya nne ngoma ya mashine ilipasuka. Aliyesimama upande wa pili analisha mkonge alikuwa baba yangu. Tangu hapo siachi chuma kinatetemeka, Mama Shukuru, hata uniombe kwa machozi." Akanirudishia gazeti langu. "Kama kuna neno kijana anapaswa kuambiwa, asiambiwe na propela."

Sijui alijuaje. Labda anayesoma midomo husoma na iliyofungwa. Nilitaka kumkasirikia, na hasira zangu si za kutafuta, lakini siku hiyo nilizikosa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nilishalia vya kutosha.

Nikaingia garini, nikafunga mlango. Shukuru alikuwa anachezea simu, akawasha injini. Nikamwambia aizime. Ikawa kimya, ule ukimya wa gari lililofungwa vioo kwenye jua.

"Tairi la baba yako halikupasuka," nikamwambia.

Akaweka simu chini.

"Alikuwa mia na thelathini. Kona ilimshinda." Nilijua nikinyamaza pale sitasema tena maisha yangu yote. "Alikuwa hataki. Tulikuwa tunakwenda mnadani, tumechelewa. Mimi ndiye niliyemwambia aongeze. Akaongeza, nikamwambia aongeze tena. Nilimwambia, Awadhi, unaendesha kama mgonjwa."

Shukuru alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili na gari limezimwa. Nilitamani anifokee, nami ningejua pa kuanzia. Nje Kasmiri alikuwa amerudi chini ya gari jingine, miguu yake peku imetokeza.

Mwanangu akauliza, bila kunitazama, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu alipokuwa mtoto:

"Bibi anajua?"

"Anajua," nikasema. "Nilimwambia siku ile ya arobaini. Ndiyo maana haongei na mimi."

Akawasha gari, akarudi nyuma taratibu mpaka barabarani, akageuza pua kuelekea Handeni.