Gurudumu Liko Kushoto

Mjomba alikuwa anachimba shimo la choo nyuma ya nyumba yake, kambi ya wafanyakazi ya Panda hapa Likasi, sepetu ikagonga bati. Mtu mwenye akili angehamia mahali pengine. Yeye akaendelea mpaka akatoa kitu kizima: kiti cha pembeni cha pikipiki, kile cha zamani chenye gurudumu moja, ambacho abiria alikikalia ubavuni mwa dereva. Akaniita, maana kazi yangu ni kutengeneza pikipiki.

Nilimkuta amekaa chini kando ya kile kiti, analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika mama yangu, dada yake.

"Mwipwa, ni ile kipoyi," akasema. "Ile yenye ilibeba baba."

Hadithi hiyo kwetu tumelala nayo na kuamka nayo. Kabla ya uhuru, mjomba akiwa mtoto mdogo, mzungu mmoja alifika mlangoni na pikipiki, akamketisha babu kwenye kiti cha namna hiyo, wakaondoka. Watu wa kambi walikiita kipoyi, kama machela ya kubebea wagonjwa. Walisema amepelekwa gerezani Buluo. Bibi alikwenda Buluo na chakula, akarudi nacho, akaenda tena, akarudi nacho. Mpaka leo hatujui babu yuko wapi. Sasa mjomba alikuwa ameshakata shauri: kipoyi kimezikwa hapa, basi na baba yake amezikwa hapa hapa, chini yake. Atachimba mpaka ampate.

Na mjomba ni mgonjwa. Mapafu yake aliyaacha kiwandani. Akivuka barabara tu anasimama kuvuta pumzi. Udongo wa pale ni vumbi tupu. Niliogopa kwamba shimo lile litamuua, nikaona dawa ni moja, kumwonyesha kitu hicho ni nini na ni cha lini.

Nilikiosha pole pole. Spana zangu za milimita hazikukamata hata nati moja, zilikuwa nati za Kiingereza, za inchi. Nikakigeuza pua mbele. Gurudumu lake liko kushoto, na vyuma vya kukifunga kwenye pikipiki viko kuume. Sisi katika nchi hii tunaendesha kuume, na kiti cha namna hiyo hufungwa upande wa ukingo wa barabara, kuume vile vile. Hiki kilitengenezewa barabara za ng'ambo ya mpaka, wanakoendesha kushoto. Nikasugua mpira wa gurudumu kwa mafuta ya taa, herufi zikatokea: Zambia. Babu alipochukuliwa, hakukuwa na nchi yenye jina hilo. Mpira hubadilishwa, najua, lakini kitu kilichokwisha kuzikwa hakiendi kubadilishiwa mpira.

Nilifurahi, mjinga mimi. Nikachukua mkono wa mjomba, nikaupitisha juu ya zile herufi.

"Yomba, haiko hii. Hii ilikuwa ingali inatembea nyuma ya uhuru. Acha kuchimba, utakufa bure."

Alipapasa ule mpira muda mrefu. Nilidhani ameelewa, na kwa kweli alikuwa ameelewa vizuri sana.

"Weye unajua mapikipiki," akasema. "Minye najua baba. Kama haiko hii, bon, ile yake ingali chini."

Akashika sepetu. Kikohozi kikamkamata kabla hajainua udongo wa kwanza, akatema damu kwenye kiganja na kuifuta kwenye suruali nisione. Hasira ilinipanda. Nilimnyang'anya sepetu kwa nguvu, nikamwambia ana kichwa kigumu, halafu nikaingia shimoni mwenyewe.

Ndivyo zilivyo Jumapili zangu sasa, baada ya misa. Shimo limenipita kimo. Mjomba anakaa ukingoni ndani ya kile kiti, blanketi magotini, ananielekeza: kushoto kidogo, rudi kuume. Najua hakuna mtu humu chini. Nikisimama kupumzika, ananiuliza kama nimeshachoka na babu yangu, na mimi nainama tena.