Kiti cha Baba Kimani

Sisi tuliokulia Dagoretti Corner miaka ile ya elfu mbili tunajua jambo ambalo vijana wa leo hawalielewi hata ukiwachorea: kiti hakikuwa cha kukaliwa. Kiti kilikuwa cha mgeni. Mtoto wa nyumba alikalia mtungi wa maji uliopinduliwa, na mtungi ukiwa kazini, alikalia sakafu. Mimi shule niliiachia darasa la saba, kwa hivyo ukikuta sarufi imelala mahali, iamshe mwenyewe uendelee. Lakini majina sikuyasahau, na leo nitayataja.

Mama yetu alikuwa akifulia watu nguo Kileleshwa, kwenye zile nyumba za wapangaji wa kazi nzuri ambao kila baada ya miaka miwili walihama. Wengine walingoja mvua, mama alingoja watu wahame. Wakianza kuuliza maboksi dukani, yeye anaanza kupima mlango wetu kwa kamba ya kuanikia nguo, ajue ni kitu gani kitapita. Ndivyo tulivyopata sofaseti yenye springi moja iliyokuwa na tabia mbaya. Ndivyo tulivyopata kabati la vyombo lililofika mpaka darini, na saa ya ukutani iliyokuwa saa nane na dakika ishirini tangu nizaliwe. Tulikuwa na vitabu kumi na viwili vya Kijerumani ambavyo mama alivipanga kwa urefu. Tulikuwa na mbwa wa udongo mweupe asiye na sikio moja, akageuzwa upande ule usio na sikio utazame ukuta. Na tulikuwa na simu ya mezani, nyekundu, haina waya, haina laini, imekaa juu ya kitambaa kama askofu. Wageni wakija walikuwa wanaitazama kwa heshima. Hakuna aliyewahi kuuliza namba.

Yote hayo kwenye chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande huu wageni, upande ule sisi, kitanda, masufuria na mahindi.

Kila Jumamosi kazi yangu ilikuwa kupangusa mbao kwa kitambaa chenye mafuta ya taa ili zing'ae. Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa nasimama wima. Vitambaa vya kufunika viti vilifumwa na Mama Akinyi wa mlango wa pili, mwanamke wa kutoka upande wa Siaya, mwenye mikono isiyotulia. Alivichovya kwenye uji mwembamba wa unga wa ngano, akavianika, vikakauka vikawa vigumu kama chapati ya juzi. Ukikiegemea kitambaa kikikunjika, mama alijua ni kichwa cha nani.

"Kiti ni uso wa nyumba," alikuwa akisema. "Sasa wewe Wangari unataka kukalia uso wa mama yako?"

Basi mwaka niliokuwa na miaka kumi na mitatu, dada yangu Njeri alipata mchumba. Njeri alikuwa anauza nguo kwenye duka moja mjini, na huko ndiko alikojuana na Kimani, kijana wa Kinoo mwenye viatu vinavyong'aa na maneno yanayong'aa zaidi. Hakuwa amekanyaga kwetu. Enzi zetu mchumba hakuingia nyumbani kwa msichana mpaka aje na wazee wake. Habari ilipofika kwamba wazee wa Kinoo wanakuja kujuana, mama alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akatazama vitu vyake vyote, akasema, "Hakuna kiti cha mzee."

Alikuwa sawa. Ile sofa ilimzamisha mtu mpaka magoti yakamfikia kidevu. Mzee aliyekuja kuomba msichana huwezi kumzamisha.

Hapo ndipo anaingia mkosaji wa kwanza, Kamande, mdogo wake mama. Anko Kamande alikuwa mtu wa kujua watu. Alitoka asubuhi, akarudi mchana na mkokoteni, na juu yake kiti ambacho sijaona kingine kama hicho. Kilikuwa cha mbao nyeusi nzito, mikono mipana ya kuwekea kikombe, ngozi nyekundu iliyochanika kidogo begani.

"Hii nimeitoa Lavington kwa mzungu mwenyewe," akasema. "Alikuwa analia akiipeana."

"Alilia kwa lugha gani?" akauliza Mama Akinyi.

"Mama Akinyi, wewe leta kitambaa."

Uongo mtupu. Alikinunua nyuma ya Adams Arcade kwa broka wa vitu kuukuu, na hata huyo broka hakumuuliza kimetoka wapi. Lakini hayo tulikuja kuyajua baadaye. Siku hiyo tulikipangusa, tukakifunika, na mama akanikataza hata kukipumulia. Juu yake alinikataza, chini yake hakusema. Kwa hivyo nilikuwa nalala chini ya kile kiti mchana nikijificha kazi, na huko nikagundua siri yangu: kwa chini kilikuwa kimetiwa kiraka cha ngozi ya ng'ombe, bado ina manyoya, nyeupe na nyeusi. Nilikuwa naipapasa kama paka.

Siku ya wageni ikafika. Plot nzima, milango yote, ilihamia kwetu. Stuli za huku, thermosi ya kule, vikombe vya mama wa mlango wa nne ambavyo mipini yake ilikuwa na dhahabu ya kuchora. Njeri akawekwa nyuma ya pazia kama desturi, amejipaka mafuta mpaka paji la uso linaakisi dirisha, na mimi nikawekwa mlangoni kwa pazia nipitishe sahani na habari.

"Nikiitwa uniambie niko sawa," akaninong'oneza.  Mara mbili tayari kulikuwa na watu waliosema watakuja kwa Njeri na hawakuja, na plot yote ilijua. Ya tatu ikiharibika, angebaki kuwa yule msichana wa Mama Njeri ambaye hupikia wageni hewa.

Wakaingia. Mbele alikuwa Baba Kimani, mzee mrefu mwenye koti la sufu na kofia mkononi, nyuma yake wazee wawili na wamama na kreti za soda, na mwisho kabisa Kimani. Nilikuwa namtazama Kimani, maana ndiye tuliyemsubiri. Nikaona akiingia akitabasamu, nikaona macho yake yakitua kwenye kile kiti, nikaona tabasamu likibaki usoni bila mwenyewe. Akatazama mlango. Nikafikiri anaona haya. Nikamwambia Njeri, "Ana haya, ni mtu mzuri." Hilo ni kosa langu mimi, nalitaja pia.

Mama akamwelekeza Baba Kimani kwenye kiti cha heshima. Mzee akakaa. Hakuegemea. Akaweka mikono kwenye ile mikono ya kiti, akaisugua polepole.

Kwetu mtu haji akasema anataka msichana. Mzee akaanza vile inavyoanzwa: "Sisi tulipoteza mbuzi. Tumefuata nyayo, zimeingia boma hili. Tukasema tubishe, tuulize."

"Mbuzi ni wengi hapa," akajibu Anko Kamande, ambaye ndiye alisimamia upande wetu, ameinua kifua. "Ni ya rangi gani hiyo yenu?"

 Mkono mmoja wa mzee ulikuwa umeteremka, ukapita chini ya kiti, ukafika pale pangu. Akapapasa manyoya. Akapapasa tena.

"Huyu ndama," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, "alikufa mwaka wa kiangazi. Nilimchuna mwenyewe. Hii ngozi niliipigilia misumari mwenyewe, saba, na mmoja umepinda." Akainua macho. "Hii ni kiti yangu."

Nyie! Nilisikia mafuta ya chapati yakitoa sauti huko nje. Mama mmoja wa Kinoo alishusha kikombe. Unajua ile fikira iliyoingia kila kichwa pale: tumekuja kuoa kwa wezi. Anko Kamande akasema anaenda kuangalia soda. Soda zilikuwa miguuni pake. Akaenda, na hatukumwona mpaka Jumanne.

Nyuma ya pazia Njeri alinishika mkono akaufinya hadi ukafa ganzi.

Mama akasimama. Mwanamke huyu hakuwa amesoma, hakuwa na mume wa kumsemea, alikuwa na mikono iliyopauka kwa sabuni ya watu. Akatengeneza leso yake.

"Baba Kimani," akasema, "sisi mgeni mkubwa hatumkalishi kwa kiti cha mtu mwingine. Tulisikia unakuja, tukakutafutia chako."

Mzee akamtazama. Mama naye akamtazama. Halafu mzee akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka akatoa kitambaa cha mfukoni akapangusa macho. Wote wakacheka. Mama Akinyi alikuwa anapiga ukuta, saa ikatikisika. Mzee akamgeukia mwanawe.

"Kimani. Uliniambia umepeleka kiti kwa fundi wa hapa Dagoretti."

"Ndiyo, baba."

"Na fundi alikuwaje?"

"Alihama, baba."

"Alihama akasahau kuhama na kiti."

Tukacheka tena. Kimani pia akacheka, kwa sauti kuliko wote. Kiti cha babake alikiuza kwa yule broka, akanunua vile viatu, sasa kila mtu pale ndani alijua, na kwetu ikawa ni kichekesho bora kuliko redio. Njeri alicheka nyuma ya pazia hadi mafuta yakamwingia machoni. Alipoitwa alitoka akicheka, na wazee wakasema huyu ana moyo mwepesi, huyu ndiye. Mambo yakakubaliwa kabla chai haijapoa. Jioni mzee alirudi Kinoo na kiti chake kimefungwa juu ya pikapu, na mama akabaki na nafasi tupu karibu na dirisha.

Miaka michache baadaye nilikuwa nikiitazama siku hiyo kwa jicho lingine. Kabati lile la darini mama alimpa Njeri aanzie maisha. Kimani akasema mlango wake umelegea, amelipeleka kwa fundi. Fundi alihama. Kisha kitanda. Kisha cherehani ya Njeri, iliyokuwa inawalisha, ilipelekwa kutiwa mkanda mpya. Mafundi wa nchi hii walikuwa wanahama sana miaka ile. Njeri alirudi kwetu na watoto wawili na beseni, na mama akaondoa vitambaa kwenye sofa kwa mara ya kwanza ili watoto walale. Sijawahi kumsikia akisema neno kuhusu siku ya wageni. Alikufa akiwa hajalisema. Na mimi sisemi hakuona. Wote tuliona. Mtu alituonyesha tabia yake yote mchana kweupe, mbele ya wazee wake, nasi tukampigia makofi kwa sababu nyumba ilikuwa imependeza na wageni walikuwa wamekuja.

Siku hizi nafanya ile kazi ya mama, kulekule Kileleshwa, ila nyumba zimekuwa ghorofa na wapangaji ni watoto. Wana nyumba nzuri zilizojaa takataka tulizozikimbia. Msichana mmoja ameweka pasi ya makaa sebuleni na ndani yake kuna ua. Jirani yake anakula juu ya sanduku la chuma kama letu la kuendea shule ya bweni. Nilitaka kulisugua, akaniambia, "Usitoe kutu, aunty, hiyo ndio vinteji." Yaani kitu cha kale; kutu imekuwa pambo. Na hakuna mgeni. Wanapiga picha ya kiti, wanaituma, kiti hakikaliwi na mtu. Nafikiri mama angewaelewa nusu.

Njeri sasa anaishi kwa chumba chake Dagoretti Corner, anashona. Ndani ana viti vitano vya plastiki vya bluu, vipya, na hakuna kitambaa hata kimoja. Mwezi uliopita binti yake alileta kijana. Mimi nilitaka tuazime meza nzuri, tupambe kidogo. Njeri akakataa. Kijana akakalia plastiki, akapewa chai na mandazi, ana adabu, ana meno mazuri. Njeri akamuuliza jambo moja tu.

"Kuna kitu ya baba yako umewahi kuuza bila kumwambia?"

Kijana akacheka. "Redio yake ya zamani, mathe. Ile ya mbao. Niliipost mtandaoni, ikanunuliwa siku hiyo hiyo. Buda alidhani imeibiwa."

Alisema vizuri, na akaigiza uso wa babake, na nyinyi mngekuwepo mngecheka. Mimi kicheko kilinifika kooni. Binti alikuwa tayari ameanza.

Njeri hakucheka. Akamwongezea chai, akamsogezea sukari. "Kunywa," akamwambia. "Halafu uende umwambie mzee wako. Ukimaliza, urudi na yeye, nitawapikia."

Hii ni Jumapili ya nne na hajarudi. Binti hasemi na mamake, ananunia hata sufuria. Mimi nimepamba nyumba nyingi, nimezipangusa na kuzing'arisha, na nilikulia katika iliyopendeza kuliko zote kwenye plot. Nikiingia kwa Njeri nakaa ninapotaka, naegemea ninavyotaka, na naona uchungu kwamba mama hakuwahi kukaa katika nyumba kama hii.