Kishikio Kitupu

Mimi najiamini, na sioni haya kusema hivyo. Kuomba msamaha ndiko kunakonishinda.

Katika masomo yangu ya uzamili nilitengeneza kidonge cha kauri, kidogo kama kifungo cha shati, ambacho ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, hupita ndani yake ingawa ni kigumu kama jiwe. Watengenezaji wa betri wanakitafuta kitu cha namna hiyo. Nilikipaka rangi ya fedha pande zote mbili, nikakibana kwenye kishikio, nikakipitishia umeme unaokwenda na kurudi, kwanza kwa kasi, kisha polepole. Mashine ikachora nukta, nazo zikajipinda zikawa nusu duara. Upana wake ndio ukinzani; nusu duara ikiwa ndogo, ayoni zinapita vizuri. Yangu ilikuwa ndogo ajabu. Profesa wangu, mzee wa Parklands asiyesifu hata chai ya mkewe, alisema, "Shabash." Utetezi wa tasnifu ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, nami nilishaanza kutembea kama aliyefaulu.

Jumatatu springi ya kishikio ikalegea. Nikakipeleka River Road kwa fundi wa redio aliyenitengenezea. Kabla hajakigusa, alichukua mita yake, akagusanisha nyaya zake mbili, akaangalia, akazitenganisha, akaangalia tena.

"Kwani mita yako ni mbovu?" nikamtania.

"Hapana, madam. Lazima kwanza nijue yenyewe inasema nini." Akakigeuza kishikio. "Na hii kitu yako, ushawahi kuipima ikiwa tupu?"

"Nipime nini, hewa?"

"Hii mpira nyeusi si mimi niliweka."

Kweli, niliuweka mimi. Plastiki yake nyeupe ya kushikilia kidonge ilikiacha kiteleze, nikakata pete kutoka kwa tyubu ya baiskeli na kujiona mjanja. Alipomaliza kukaza springi nilirudi maabara kwa miguu nikiwa nimemkasirikia, kwa sababu nilishajua. Mpira wa tyubu huwa mweusi kwa kuchanganywa na masizi, na masizi hupitisha umeme. Nilipima kishikio bila kidonge. Nusu duara ikatokea, nzuri tu: umeme ulikuwa ukipita kwenye mpira, si kwenye kidonge.

Nililia kidogo. Ningeweza kunyamaza, maana hakuna mwingine maabara aliyejua, na fundi hasomi tasnifu. Lakini kila nikiitazama ile picha, niliona tyubu ya baiskeli. Nikarudisha plastiki nyeupe, nikapima upya kidonge kile na vingine vyote nilivyotengeneza. Ukinzani ukapanda karibu mara kumi.

Profesa alisoma karatasi za vipimo vipya, akavua miwani. "Nani alikwambia upime tupu?"

Ningesema ni mimi. Ulimi ulikuwa tayari.

"Fundi wa redio, Prof. Wa River Road."

"Basi ajabu yetu imekwisha," alisema. Akazitia sahihi kurasa mpya moja baada ya nyingine.

Ijumaa, mtahini alifungua tasnifu, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Kishikio kikiwa kitupu, kinasoma nini?" Profesa alikazia macho meza. Nikamwambia mtahini afungue sura ya tatu, nilikoweka picha ya nusu duara ya kishikio kitupu chenye mpira. Mengine yote nilijibu nimesimama wima.

Jumamosi nilimpelekea fundi nakala na kumwonyesha jina lake kwenye shukrani. Akalipita haraka, akafunua kurasa mpaka kwenye ile picha.

"Hii ndio ile mpira?"

"Ndiyo hiyo," nikasema. "Na pole kwa ule utani wa mita."