Kwanza Semeni Mnapigia Kura Nini

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na juzi mlinifanya niikumbuke kwa hasira. Mliniita kwenye kikao cha kamati yenu ya shule, mkaniketisha mbele kwa heshima, kisha mkasema wote kwa pamoja mpaka adhuhuri. Mmoja anazungumzia choo, mwingine anamjibu habari za uji wa watoto, na mwenyekiti anafunga daftari lake anasema, "Basi tumekubaliana." Mmekubaliana nini? Nilirudi nyumbani kichwa kinanigonga, nikasema safari hii sinyamazi.

Siku ninayoisema ni ya miaka ya Ujamaa, nami nilikuwa mke kijana, hapa hapa milimani juu ya Mlalo. Kijiji chetu kilikuwa na kamati ya maendeleo, na wanawake ndani yake tulikuwa wawili tu: mimi na mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi. Mwenyekiti alikuwa Athumani, kijana mwenye sauti na mwenye bidii kweli, simsingizii. Ila alipenda kumaliza. Kikao kwake kilikuwa kama kupalilia shamba la mtu mwingine: ukifika mwisho wa mstari basi, hata kama magugu umeyaruka.

Serikali ilikuwa imetuahidi mabomba ya maji. Yangeletwa kwa lori, na kazi yetu ilikuwa kuchimba mtaro kutoka kwenye chemchemi hadi mahali tutakapopachagua, uwe tayari lori likifika. Usilione jambo dogo. Maji tulikuwa tukichota bondeni, tunapanda na debe kichwani kwenye njia ambayo mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Kamati ilikuwa na swali moja tu la kujibu: maji yaende msikitini, upande wetu wa juu, au yaende shuleni, upande wa chini?

Swali moja, mwanangu. Na likatushinda.

Mzee Shekue, jirani yetu, alisema yaende msikitini. Kabla hajakaa, mwingine akasema shuleni ndiko kwenye watoto wengi. Hakuna aliyeuliza hoja ya kwanza inaungwa mkono na nani. Wa tatu akataka kazi ianze kesho yake, maana lori halikuwa mbali. Wa nne akaleta habari ya mbuzi wanaochafua chemchemi, akataka uzio. Tukabishana zaidi juu ya mbuzi kuliko tulivyobishana juu ya maji. Mwishowe Athumani akagonga meza, akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ikasimama kama mahindi. Akatangaza kwamba imepita, na watu wakapiga makofi.

Mama mkwe hakunyoosha. Alisimama, akaifunga vizuri khanga yake, akasema kwa upole, "Ndugu Mwenyekiti, tumekubali nini?"

Watu wakacheka. Yeye akamgeukia jirani yake akamwuliza, naye akajibu kwamba maji yaende msikitini. Akamwuliza wa pili, akajibu shuleni. Wa tatu akasema yeye alikubali kazi ianze kesho. Wa nne alikuwa amepigia kura mbuzi.

"Mama," Athumani akasema, "kura imeshapigwa. Usiturudishe nyuma."

"Sirudishi mtu nyuma, mwanangu. Nauliza tunakwenda wapi."

Akaambiwa akae. Akakaa.

Asubuhi watu wa juu walitoka na majembe wakachimba kuelekea msikitini, na watu wa chini wakachimba kuelekea shuleni. Kila upande ulisema kamati imepitisha, na kila upande ulikuwa na mashahidi. Walitukanana pale chemchemini ndugu kwa ndugu, mpaka mashemeji wakaacha kuamkiana. Njia mbili zilimshinda fisi, na mitaro miwili ikakishinda kijiji kizima. Lori lilipokuja, bwana maji, yule ofisa wa serikali, alikuta mitaro miwili na hakuna uliofika popote. Hakugomba hata kidogo. Alimwambia dereva ageuze, na mabomba yetu yakapelekwa kijiji cha ng'ambo huku tukiyatazama.

Masika yaliyofuata niliteleza na debe la maji, na mkono wangu huu wa kushoto haukunyooka tena. Sisemi Athumani ndiye aliyenisukuma. Lakini mnaposema utaratibu wa vikao ni mambo ya kupoteza muda, mimi nawashangaa.

Muda ulipita ndipo tukaambiwa mabomba yapo tena. Athumani, nampa haki yake, alikwenda mwenyewe kwa mama mkwe, akamwamkia shikamoo, akamwomba amwelekeze. Bi Mwanaidi akamwambia, "Baba yangu hakuruhusu mtu kuondoka barazani kabla jambo lililoamuliwa halijarudiwa kwa sauti, kila mmoja akalisikia."

Kikao hicho kilikuwa kingine kabisa. Mzee Shekue alitoa hoja yake ya msikitini, Athumani akauliza nani anaiunga mkono, mama mkwe akaiunga. Mtu wa mbuzi alipoinuka, aliambiwa mbuzi watapata zamu yao. Mjumbe wa upande wa chini akataka hoja ibadilishwe, maji yaende shuleni. Badiliko lake nalo likaungwa mkono, na hakuna aliyesema mara ya pili kabla wengine hawajasema. Kisha Athumani akarudia polepole: "Sasa tunapigia kura badiliko hili peke yake: shuleni badala ya msikitini." Wakahesabiwa wanaokubali, wakahesabiwa wanaokataa, wakaulizwa na wasio na upande. Badiliko likapita. Ndipo hoja yenyewe, jinsi ilivyobadilishwa, ikapigiwa kura, nayo ikapita.

Upande wetu tulikuwa tumeshindwa.

Nilimtazama mama mkwe. Maji yale yangekuja karibu na mlango wake, na magoti yalikuwa yakimsumbua. Uso ulimshuka, sikufichi. Mjumbe mmoja wa kwetu akanung'unika kwamba sisi wa juu hatuchimbi. Bi Mwanaidi akamgeukia.

"Hoja uliisikia?"

"Niliisikia."

"Ulipewa nafasi ya kusema?"

"Nilipewa."

"Na mkono wako ulihesabiwa?"

Yule bwana akakubali kwamba ulihesabiwa.

"Basi kesho njoo na jembe."

Asubuhi mama mkwe ndiye aliyetangulia kwenye mtaro wa shule. Tukamfuata, kwa aibu tu mwanzoni, halafu kwa moyo. Kabla ya vuli maji yalikuwa yakitoka.

Sasa sikia, mwanangu, maana sina nguvu ya kurudia. Jambo moja likae mezani, na lisipopata wa kuliunga mkono lisiwachoshe wengine. Anayetaka kulibadilisha, badiliko lake liamuliwe kwanza. Mwenyekiti arudie maneno kabla mikono haijainuka, na asiyeelewa aulize, kuuliza si ujinga. Wengi wape, ndiyo, lakini wachache wasikilizwe na wahesabiwe. Msipige kura ili mwende nyumbani kula. Kura inapigwa ili aliyeshindwa aweze kufanya kazi na aliyeshinda bila kinyongo, na hilo halipatikani kwa kugonga meza.

Mungu awape masikio mapana kuliko ndimi. Mkishindwa, mshindwe kwa haki, na mkishinda, msiwacheke wenzenu. Awajalie mkae pamoja, mwamue pamoja, na mtoke barazani mkiwa bado ndugu. Amina.