Umeme Aliouokoa Marehemu

Jumapili ya pili ya mwezi wa Julai, baada ya sala ya alasiri, mume wangu alifariki chumbani kwake, hapa Al Khoudh, kiyoyozi kikiwa kwenye kumi na nane. Nakitaja kiyoyozi kwa sababu baadaye kilizungumzwa sana kuliko yeye.

Alikuwa mtu wa baridi. Aliletwa Muscat kutoka Unguja akiwa mdogo, akaishi hapa mpaka akazeeka, na hakupatana na joto la hapa hata siku moja. Chumba chake kilikuwa kama duka la nyama. Nikimpelekea chai hujitanda shali, naye hunicheka.

Mwaka mmoja kabla ya kufa kwake walikuja watu wa utafiti. Chuo kimoja cha Uingereza na kimoja cha India vilikuwa vimeungana kutafuta namna ya kupoza nyumba kwa umeme mchache. Walikuja kwetu kwa sababu, kama alivyoeleza profesa wa Kiingereza, Uingereza haina joto la kutosha, na zile nyumba walizozipata India zilitumia feni tu. Kwa hiyo wao walileta akili, sisi tukatoa joto. Mume wangu alipenda wageni, akakubali kabla kahawa haijaisha vikombeni.

Walifunga kijisanduku cheupe ukutani chumbani kwake, kwa skrubu mbili, moja juu na moja chini. Kikipima umeme wa nyumba nzima, na kilikuwa na taa. Ukitumia kwa adabu taa ni ya kijani, ukizidisha inakuwa nyekundu. Hiyo ndiyo ilikuwa teknolojia yenyewe. Walidhani mtu mzima akionyeshwa taa nyekundu ataona haya na kuzima kiyoyozi chake.

Taa yake ilikuwa nyekundu tangu siku ya kwanza. Alivumilia juma moja.

"Hiki wameniletea mke wa pili," aliniambia. "Kutwa kimenitolea jicho."

"Si upunguze baridi?"

"Nipunguze kwa nini? Mimi nimeoa mmoja, na yeye mwenyewe simsikilizi."

Akavua kofia yake, ile nyeupe yenye mshono wa buluu, akakitundikia kijisanduku. Tangu siku hiyo kikawa kinapima umeme kikiwa kimevaa kofia.

Aliyekuja kukikagua ni profesa wa Kihindi, mama wa makamo, mpole. Mimi Kihindi nakisikia, nimekaa na majirani Wahindi maisha yangu yote, basi tukizungumza bila mkalimani. Alipoiona kofia alicheka, akaiacha palepale. Nilimpenda kwa hilo, nasema kweli.

Siku mume wangu alipofariki, binti yangu alimpelekea profesa huyo ujumbe, kwa kuwa alikuwa amepanga kuja juma lile. Alijibu kwa maneno mazuri, na siku ya tatu akaleta matunda. Nyumba ilikuwa imejaa. Wanaume walikaa majlisi mpaka uani, wanawake vyumba vyote, milango wazi, viyoyozi vyote vinafanya kazi, majiko ya umeme hayapoi. Alijipenyeza katikati yetu, akanishika mikono, akaondoka. Basi yule mama alijua kama tulivyojua sisi. Naomba msomaji alishike hilo.

Wageni walipokwisha kuondoka, niliingia chumbani kwake na kukizima kiyoyozi kwa mkono wangu. Kofia sikuigusa. Sikukiwasha tena.

Eda yangu ilikuwa haijakwisha, maana mjane kwetu hutulia ndani miezi minne na siku kumi, na hakai na wanaume wasio jamaa zake wa karibu. Ndipo profesa wa Kihindi alipokuja tena, safari hii akiwa na mwenzake wa Kiingereza. Yule bwana aliambiwa kuhusu eda, akasema anaheshimu mila, akabaki garini mbele ya geti. Alibaki na injini inaunguruma na kiyoyozi cha gari kinampuliza muda wote sisi tukizungumza habari ya kuokoa umeme. Wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye ulimi wake hauna eda, alichungulia dirishani.

"Wifi, huyo mzungu wako anapika nini humo garini?"

Profesa wa Kihindi alikuwa ameleta habari njema. Aliitoa kwa tabasamu, huku amenishika mkono. Nyumba yetu, ambayo wao waliiita nyumba ya saba, ilikuwa imetia fora. Kuanzia Julai umeme wake ulishuka kuliko nyumba zote. Mstari wa umeme huo utaonyeshwa ukutani kwenye mkutano wao hapa Muscat, mbele ya watu wa vyuo vyote viwili, na wangependa binti yangu ahudhurie.

Nilidhani nimekisikia Kihindi vibaya. Binti yangu akamuuliza kwa Kiingereza, kisha akanigeukia. Sikuwa nimekosea.

"Dada," nilimwambia yule mama, "Julai mume wangu alikufa. Wewe ulikuja."

"Nilikuja, dada. Najua."

"Basi umeme umeshuka kwa sababu mwenye chumba hayupo."

Hapo akanieleza, bila kunificha kitu, na ndipo nilipojua jinsi watu waliosoma wanavyoweza kujipanga wasijue wanachokijua. Katika makubaliano yao, Wahindi walishika majina na habari za wenye nyumba. Waingereza walishika hesabu za umeme, bila majina. Ilikuwa haramu upande mmoja kuuambia wa pili nani anaishi wapi na amepatwa na nini. Walifanya hivyo kulinda siri zetu. Kwa hiyo kifo cha mume wangu kilibaki India, na umeme wake ukaenda Uingereza, na vitu hivyo viwili havikuruhusiwa kukutana.

"Na zile siku tatu za msiba?" binti yangu aliuliza. "Umeme si ulipanda sana?"

Akainamisha uso. Zile siku tatu Waingereza waliziona, wakazitoa. Walizihesabu kuwa ni kosa la kipimo.

Wifi yangu akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Kaka yangu kalisha watu mpaka uani, wao wanasema mashine mbovu."

Sikuwa na hasira ya kupiga kelele. Nilitaka jambo moja tu, nikamwambia. Sikuwazuia kuonyesha mstari wao. Waandike chini yake kwamba hapa mwenye chumba alifariki. Mtu asihesabiwe kama umeme uliookolewa.

Aliahidi. Akatoka, nikamwona anazungumza kwenye dirisha la gari, yule bwana anatikisa kichwa kwa heshima zote. Akarudi. Ikabidi nisikilize Kihindi kirefu sana. Mwenzake anasikitika mno, lakini yeye kisheria hajaambiwa chochote hapo getini. Akiambiwa rasmi, itabidi chuo chake kiulize chuo cha India kwa nini kimemwambia. Labda pangeweza kuandikwa "chumba hakitumiki kwa sasa".

"Kwa sasa," wifi yangu alisema. "Kwani atarudi?"

Siku ya mkutano mimi sikutoka. Alikwenda binti yangu, hotelini upande wa Azaiba, akarudi na mkoba wa kitambaa wenye picha ya jua. Tulimketisha sebuleni na chai, tukamwambia aseme.

Alisema ukumbi ulikuwa wa baridi mpaka watu wamevaa makoti. Wifi yangu alitaka arudie hilo, akarudia. Halafu ukaonyeshwa mstari wa nyumba ya saba ukutani. Unakwenda juu kabisa, halafu Julai unaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Profesa wa Kiingereza aliuonyesha kwa kalamu ya mwanga na kusema huu ni mfano bora wa mtu kubadilisha tabia.

"Kabadilisha kweli," wifi yangu alisema. "Kaacha kupumua."

Tulicheka, sote watatu. Halafu wifi yangu akalia, na sisi tukamwacha alie.

"Chini palikuwa pameandikwa nini?" niliuliza.

"Hapakuwa na kitu, mama."

Binti yangu ni mtu wa kimya kama mimi. Lakini alisimama mle ndani akauliza, mbele ya watu, ni nini kilitokea nyumba ya saba mwezi wa Julai. Profesa wa Kiingereza akamshukuru kwa swali zuri, akasema watalizungumza wakati wa chai. Wakati wa chai alimpa pole kwa sauti ya chini na kumwambia mambo ya wenye nyumba yako upande wa India. Profesa wa Kihindi alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo, na sahani ya sambusa mkononi. Naye alisema michoro yote iko upande wa Uingereza.

Eda ikaisha. Nikaanza kutoka, kwanza makaburini, halafu kwa jamaa Ghubra.

Utafiti nao ukaisha. Profesa wa Kihindi alikuja kuchukua kijisanduku chao, peke yake, na bisibisi katika mkoba. Nilimpa kahawa na halwa, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Alikunywa, akaniambia kwamba suala letu limefikishwa mbele na vyuo vyote viwili vimekubaliana. Alilisema hilo kama zawadi.

"Mmeandika?" nilimuuliza.

"Tumeitoa, dada. Nyumba ya saba yote. Kwenye ripoti haimo tena. Hakuna atakayesema uongo juu yake."

Nilimtazama, naye alinitazama vizuri tu, hakuwa mtu mbaya. Niliomba waandike neno moja, alifariki. Ilikuwa rahisi kwao kuifuta nyumba nzima, na mwaka wake, na baridi yake, na taa nyekundu, kuliko kuandika neno hilo.

Nikamwingiza chumbani. Joto la mle ndani lilikuwa zito. Aliiondoa kofia kwa mikono miwili, akanipa. Taa ya kijisanduku ilikuwa ya kijani. Akaizima, akafungua skrubu ya chini, akaitia mfukoni, akaanza kulegeza ya juu.

"Toa sanduku lako," nilimwambia. "Hiyo ya juu irudishe ukutani."

Akairudisha. Nikatundika kofia.