Kiraka cha Moyoni

Shule niliishia darasa la nne, na sioni haya kulisema, maana waliomaliza vyuo leo wanakuja kwangu kuomba kazi ya utingo. Nilianza na pampu ya mkono na beseni la maji karibu na stesheni ya Mpanda, naziba pancha za baiskeli. Leo ukifika Kawajense ukauliza nyumba ya yule mwenye lori la Fuso, hata mtoto atakuleta mlangoni. Kwa hiyo daktari wa Dar aliponiambia moyo wa binti yangu una tundu, nilimjibu palepale, "Ziba, daktari. Hiyo ndiyo kazi iliyonitoa."

Yeye hakucheka. Binti yangu ndiye aliyecheka, kitandani, mpaka akakosa pumzi.

Wakamfungua kifua, wakaweka kiraka, tukarudi nyumbani na sharti moja: kila wiki apimwe damu hapa Mpanda, kipimo wanachokiita CRP. Tabibu wa hapa, kijana mpole, alinieleza vizuri. Mwili ukishapasuliwa huwa unawaka kwa ndani, na ule moto unaonekana kwenye damu kama namba. Namba inatakiwa ishuke. Ikipanda, kuna kitu kimeharibika.

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Kiraka hakiaminiwi kwa kukitazama. Unachukua mpira, unaujaza upepo, unauzamisha kwenye maji, unasubiri. Povu likitoka, kazi haijaisha. Nikamwambia binti, "Mama, hii CRP ni beseni letu." Tangu hapo kila tukitoka maabara ananiuliza, "Baba, beseni linasemaje?"

Lilisema vizuri. Namba ilianzia juu ya mia, ikaja sitini, thelathini, kumi na mbili. Nikaitangaza mjini. Kijiweni kwa bodaboda nikawaambia, "CRP yangu imefika kumi na mbili, nyie mna nini?" Mmoja akauliza, "Tajiri, hiyo ni gari ya mwaka gani?"

Halafu mtoto akaanza kukohoa. Mimi nilikuwa Kaliua, lori limekatika ekseli. Mama yangu mzazi alikuwa amekuja kutoka Litapunga kumuuguza mjukuu, na kikohozi kile kilimnyima usingizi. Kwetu mtoto akikohoa bila kukoma tunasema ana kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia kooni kimerefuka, kinamtekenya, dawa yake ni kukikata. Mama akampakia kwenye bajaji, akampeleka kwa mkataji.

Niliporudi nikamkuta binti anakunywa uji uliopoa, anameza kwa kukunja uso. Mama alikuwa na furaha kabisa.

"Mmempandisha ndege mpaka Dar," akaniambia, "na hakuna hata mmoja aliyemwangalia kooni."

Na kweli, kikohozi kilikoma. Ila homa ikaja, na siku ya kupima tabibu akatoka maabara akarudi tena ndani. Alirudia kipimo akidhani mashine imekosea. Mia na themanini.

"Ana jino bovu? Ana jipu?" akatuuliza. Tukasema hana. Akamwambia mtoto apanue mdomo, akamulika tochi.

"Nani amekata hiki?"

"Mimi bibi yake ndiye niliyempeleka," mama akasema, kama mtu aliyeulizwa nani kapika chakula kitamu.

Yule kijana hakumfokea. Alituambia kwamba uchafu wa mdomoni umepitia kwenye kidonda, umeingia kwenye damu, na damu yote hupita moyoni. Kiraka bado kigeni pale, nyama haijakifunika. Uchafu unaweza kukaa juu yake na kukila.

Wakamlaza, dripu mkononi. Mimi ninayejulikana mpaka Sumbawanga nilisimama pale korido nikimwambia tabibu achukue lori, achukue nyumba, achukue damu yangu yote. Akanishika bega. "Mzee, dawa ndiyo hiyo anayopewa. Kilichobaki ni kuangalia namba."

Namba nikaiangalia. Iligoma pale pale juu, siku moja ikashuka kidogo nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti, kesho yake ikapanda kupita ilipokuwa. Mama anakaa kwenye ngazi za wodi, kitenge kichwani, chakula hagusi. Jana nilimpelekea chai akaniambia bila kunitazama, "Mwanangu, nyie wote niliwakata. Wewe ulikuwa hujaanza hata kutembea." Chai ikapoa mkononi mwangu. Nilimeza mate, nikasikia koo langu, lile lile alilolipeleka kwa mkataji, likiwa zima.

Leo Dar wamesema tumrudishe upesi, huenda wakamfungua tena. Nimepata nafasi kwenye ndege. Nilipoingia wodini kumwambia alikuwa macho, midomo imekauka, kifua kinapanda na kushuka haraka.

"Baba, beseni linasemaje?"

Mjini hapa nimesema maneno mengi makubwa. Kwake nilitumia madogo.

"Linatoa povu, mama."

Akalamba midomo.

"Si uzibe tena," akasema. "Wewe si fundi?"

Nikamvalisha viatu vya safari, nikamfunga kamba. Nilizifunga, nikazifungua, nikazifunga tena, maana hicho ndicho kitu pekee pale ambacho mikono yangu ilikuwa inakiweza.