Mruko Uliopandishiwa Nyekundu

Kwa siku ishirini na sita nilimzungusha mzee wa watu, na sioni haya kuandika kwamba nilifurahia kila siku. Alikuja kwangu Mzenga mara nne kutoka Mkuza, Kibaha, na fomu moja ndani ya bahasha ya plastiki, akitaka saini yangu. Saini yenyewe ni herufi mbili na mkia. Mara tatu aliondoka bila kuipata.

Fomu ilikuwa ya rekodi. Binti yake, kitinda mimba, alikuwa amevunja rekodi ya taifa ya kuruka chini kwa wanawake katika mashindano ya taifa yaliyofanyika Kibaha, na mimi ndiye niliyekuwa mwamuzi wa ubao. Bila saini ya mwamuzi wa ubao rekodi haitambuliwi, na bila rekodi binti haendi kambini na timu ya taifa. Fomu ilitakiwa kurudishwa kabla ya siku thelathini kwisha. Hayo yote niliyajua kuliko wao.

Asiyejua kazi ya ubao nimweleze. Mrukaji anakimbia, anakanyaga ubao mweupe uliofukiwa usawa wa ardhi, anarukia kwenye mchanga. Mbele ya ubao kuna utepe wa plastisini, kitu laini kama unga wa maandazi uliokandwa. Mguu ukipita ubao hata kwa ukucha, plastisini inabaki na alama, mwamuzi anapandisha bendera nyekundu na mruko unakufa. Ikiwa safi, anapandisha nyeupe. Ni kazi ya kukaa juani kwenye kiti cha plastiki na kutazama miguu ya watu. Wenzangu kwenye kozi ya waamuzi waliikwepa, wakagombea kupima umbali, kwa kuwa mpimaji ndiye anayepigwa picha. Mimi niliiomba mwenyewe. Nilikuwa na sababu, na sababu yangu ilikuwa na miguu miwili na ilikuwa ikiishi Mkuza.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilikuwa naruka. Nilisoma sekondari Kisarawe, na kwa kuwa hatukuwa na uwanja wa maana tulirukia shimo lililojazwa maranda ya fundi seremala. Mwaka ule tulikwenda Kibaha kwenye mashindano ya mkoa, juu ya lori, tumebeba ndoo mbili za udongo mweupe kutoka vilima vya Pugu. Wenyeji walikuwa wamesema plastisini hawana, na kwetu udongo ule ni wa kuchota tu. Ndoo moja niliishika mimi mapajani njia nzima.

Mwamuzi wa ubao siku hiyo alikuwa mwalimu wa michezo wa shule mojawapo ya pale Kibaha. Mwanafunzi wake ndiye aliyekuwa anaongoza, msichana mrefu mwenye viatu vya misumari. Mimi nilikuwa peku. Msichana yule akaruka, mwalimu wake akampandishia nyeupe, nikafuata mimi. Pembeni ya mchanga walikuwa wamechomeka kijiti chenye kitambaa cha buluu, mahali rekodi ya mkoa ilipofikia. Nilipotua, kijiti kilikuwa nyuma yangu. Nilijua kwanza kwa vigelegele vya wasichana wa Kisarawe, halafu nikageuka nikakiona kwa macho yangu. Nikasimama na mchanga hadi kwenye meno, nikatazama ubao. Nyekundu.

Nilirudi mbio. Kwenye udongo kulikuwa na alama kweli: matundu madogo matano, yamejipanga. "Mwalimu," nikamwambia, "hizi ni alama za misumari. Mimi niko peku." Nikamwinulia na mguu wenyewe auone. Jambo lilikuwa wazi. Mwanafunzi wake ndiye aliyepitisha mguu, yeye akampa nyeupe, hakuusawazisha udongo, na kosa la mwenye viatu likamwangukia asiye navyo. Alinitazama usoni, mguu hakuutazama kabisa.

"Binti, unanifundisha kazi?" akasema.

Akachutama, akaulainisha udongo kwa kiganja chake, matundu yakapotea. Kisha akamwashiria mwenye reki apitishe. Nilikuwa nimebakiza mruko mmoja, nikauruka nikilia, sikufika popote. Mwenye viatu ndiye aliyechaguliwa kwenda kuuwakilisha mkoa, mimi nikarudi Kisarawe na ndoo tupu.

Watu husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mara nyingi anayesema hivyo ndiye aliyeyafanya hayo yaliyopita. Mimi sikuganga kitu. Nilisomea ualimu, nikapangiwa shule ya msingi Mzenga, nikaolewa, nikaachika, nikarudi kuishi na mama yangu, na katika yote hayo nilimtunza mwalimu yule kama mtu anavyotunza mbegu ya mahindi juu ya moshi wa jiko ili isibunguliwe. Nilisikia alivyostaafu. Nilisikia alivyojenga Mkuza na alivyoanza kumfundisha binti yake mwenyewe kuruka. Nikajiandikisha kozi ya waamuzi, nikafaulu vizuri, nikaanza kungoja.

Mashindano ya taifa yalipoletwa Kibaha nililala kwa dada yangu anayeishi Picha ya Ndege, hapo hapo Kibaha, na asubuhi nikawa wa kwanza kufika uwanjani. Nilikaa kwenye kiti changu, nyeupe mkono wa kushoto, nyekundu mkono wa kulia. Binti wa mzee alikosea mara mbili nikampa nyekundu zake mbili kwa haki, na sikuona utamu wowote, maana haki haina utamu. Mruko wa tano alikuja kwa kasi nyingine kabisa. Niliona ncha ya kiatu ikikanyaga ubao na kuacha nafasi ya kidole kimoja. Plastisini ilikuwa safi. Uwanja mzima ukapiga kelele, nikajua bila kupimiwa kwamba rekodi imekwenda. Baba yake alikuwa kwenye uzio, ameshika kofia, ananitazama mimi. Mtu aliyewahi kukaa ubaoni hatazami mchanga.

Mkono wa kulia ulianza kupanda. Ulifika kiunoni. Sitamdanganya mtu kwamba uadilifu ndio uliouzuia. Kulikuwa na watu kama kumi pale kando wamenyoosha simu wanarekodi, na simu za siku hizi zinaona hadi ukucha. Enzi zangu hazikuwepo. Nikaushusha mkono, nikapandisha nyeupe kwa hasira, nikaona kama nimeibiwa mara ya pili na mtu yule yule. Walipima, wakashangilia, wakampa binti bendera ya taifa ajifunike. Namba ya mruko wake siiandiki hapa. Anayeitaka akaitafute.

Siku ile mashine ya kuchapia ofisini iligoma, fomu ya rekodi ikachelewa kutoka, na mimi nikaondoka kabla haijatoka. Siku ya pili yake simu ikaita.

"Mwalimu, mimi ni baba wa yule binti aliyevunja rekodi," sauti ikasema. "Wenzako wote wameshasaini. Imebaki yako tu. Niambie nije lini."

Malipo ni hapa hapa duniani, nikasema moyoni, na haya yamejileta yenyewe. "Shikamoo mzee," nikamjibu kwa sauti ya asali. "Njoo tu Jumamosi. Karibu sana."

Ilikuwa masika. Kutoka Kibaha kuja Mzenga unaweza kupitia Mlandizi au kuzungukia Kisarawe mjini, na mvua ikinyesha unachagua tu tope la upande gani. Alifika kwa bodaboda, suruali imelowa hadi magotini. Nilimpa shikamoo yake kamili, nikampa maji ya kunawa, mama akapika wali wa nazi na kuku. Alikula vizuri, akasifu. Alipotoa fomu, nikajipapasa kifuani.

"Miwani nimeisahau shuleni, mzee. Na mimi huwa sisaini nisichokisoma."

"Ni haki yako, mwalimu," akasema. Uso wangu haukumwambia kitu. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akishtuka atakaponitambua, lakini hakushtuka, na mimi nikajiambia anajifanya.

Mara ya pili nilimwita Jumatano, halafu nikazima simu nikaenda zangu kupalilia mihogo. Mama alinisimulia alivyokaa barazani kuanzia saa nne hadi saa tisa alasiri, akiinuka kila akisikia pikipiki. Mara ya tatu alikuja na sukari kilo mbili na doti ya khanga. Kumbe alidhani nataka kupozwa. Hapo hasira yangu ikapanda upya, maana mtu akikudhulumu halafu akakuona mla rushwa, amekudhulumu mara mbili. Khanga nikampa mama. Mzee nikamwambia kwamba kuna swali kuhusu upepo wa siku ile, maana upepo ukizidi rekodi haihesabiwi, inabidi nipige simu mkoani kwanza. Hakukuwa na swali lolote. Aliirudisha fomu kwenye bahasha taratibu, akakosa mdomo wa bahasha mara mbili, na mimi nilifurahi kumwona akihangaika. Mtenda akitendewa hudhani kaonewa.

"Unamlisha wali halafu unamnyima wino," mama akaniambia mzee alipoondoka. "Roho hii umeitoa wapi wewe mtoto?"

"Kibaha," nikamjibu. Habari ya udongo aliijua tangu siku ile niliporudi na ndoo, kwa hiyo akaendelea kuchambua mchele.

Siku ya ishirini na sita alikuja na binti yake. Binti alipiga goti kidogo akaniamkia, "Shikamoo mama," akakaa kwenye mkeka ingawa viti vilikuwepo. Sikuwa nimewahi kumwona kwa karibu zaidi ya miguu. Hakubembeleza.

"Mama, kama kuna kosa nililofanya pale kwenye ubao, niambie mimi," akasema. "Baba magoti yanamsumbua."

"Wewe hukukosea chochote," nikamwambia. "Aliyekosea ni baba yako."

Nikamsimulia yeye, si baba yake, ingawa baba yake alikuwa amekaa mbele yangu. Nilimweleza lori, ndoo, matundu matano, mguu wangu niliomwinulia, kiganja kilichofuta. Nilimweleza maneno aliyonijibu. Niliyasema yote bila kukosea hata moja, kwa kuwa nilikuwa nimeyafanyia mazoezi kwa zaidi ya miaka ishirini. Mama alisimama mlangoni na mwiko wake mkononi. Nilipomaliza nikamgeukia mzee nikangoja akatae, au ajitetee, au aseme mkuu wa shule alimshurutisha. Chochote kingenifaa.

Mzee alikunja uso kama anayetafuta ufunguo mfukoni, kisha akatikisa kichwa.

"Mwalimu, silikumbuki," akasema. "Sikatai. Lakini nimepandisha bendera miaka mingi, hilo silikumbuki. Hata sikujua kama wewe uliwahi kuruka."

Niliumia kuliko siku ya udongo. Nimembeba mtu huyu maisha yangu yote ya ukubwani, yeye hakunibeba hata safari moja ya kwenda dukani. Mara tatu ameondoka kwangu na tope bila hata kujua kwamba anaadhibiwa. Nilichukua ile fomu mezani kwa nia ya kuichana, na nina hakika ningeichana.

"Uliruka ngapi?" binti akauliza.

Nikamtazama. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Waliniuliza kama nililia, kama nilishitaki, kama naamini nilirogwa. Huyu aliniuliza kama mrukaji anavyomuuliza mrukaji mwenzake, na mimi nikafungua kinywa nikakosa namba ya kumpa. Baba yake ndiye aliyejibu, kwa sauti ya darasani.

"Ukipandishiwa nyekundu hawapimi, mwanangu. Wanapitisha reki tu."

Alilisema, halafu akalisikia. Nililiona neno lake mwenyewe likimfikia. Akaishusha kofia magotini, akanitazama mguu, wa kulia, ule ule, kwa mara ya kwanza. Sijui kama alikumbuka au alielewa tu.

"Naomba unisamehe, mwalimu," akasema.

Nikachukua kalamu nikasaini, herufi mbili na mkia, nikampa fomu binti mkononi mwake. Nilimsainia yeye kwa lile swali. Mzee alinyoosha mkono kuipokea, nikauacha mkono wake hewani.

Nilidhani wataaga. Binti akainuka, akafunga kamba za raba zake, akasema, "Basi tuonyeshe hapo uwanjani, mama. Hata kwa kukadiria."

Uwanja wa nyumba yetu ulikuwa umefagiliwa, mvua ya asubuhi imeugandamiza. Nilichora mstari kwa kisigino, nikamwambia mzee asimame pale kwenye mstari na asisogee. Alisimama. Nikaanza kutembea kutoka kwake kuelekea kwenye mihogo, hatua kwa hatua, binti akinifuata pembeni. Nilikuwa na uhakika kwamba mahali pale napajua. Nimetua pale usiku na mchana, nimepasogeza mbele kila mwaka niliozidi kuumia, na sasa vigelegele nilivisikia, mchanga kwenye meno niliuonja, lakini ardhi chini yangu ilikuwa ardhi tu.

"Hapo?" mzee akaniita kutoka nyuma.

Nikatazama chini. Nikaongeza hatua nyingine, na nyingine. Nilikuwa nimeshalipita jiko, mahali ambapo hakuna mwanadamu aliyewahi kufika kwa kuruka, na binti alikuwa ameacha kunifuata.

"Hapo, mwalimu?"

"Bado," nikasema, nikaendelea kutembea.